Kijiji Kipunguacho Katikati ya Mji

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma hupita Mtumba kabla hajafika mjini. Hapo huona majengo marefu ya wizara na barabara pana za lami. Lakini mahali hapo palikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji, Wagogo walio wengi, na habari zao ndizo tutakazo kuzifikiri leo.

Huko Marekani na Kanada yako mabonde makubwa ya nyasi yaliyogeuzwa mashamba ya ngano. Kwa sheria ya mwaka 1862 Serikali ya Marekani iliwagawia watu ekari 160 kila mmoja, na vijiji vikaota kila upande. Baadaye mashine zikaja, mkulima mmoja akaweza kulima mashamba ya jirani zake kumi, nao jirani wakaondoka. Leo viko vijiji huko vilivyobaki na nyumba chache tu, shule imefungwa na duka limefungwa. Mtumba haikuwa hivyo. Hapa watu huongezeka kila mwaka, walakini wakulima hupungua. Mji wa Dodoma ulihesabiwa watu 410,956 mwaka 1912 + 100, yaani 2012, na mwaka 2022 wakawa 765,179. Kijiji chaweza kufa kwa kukimbiwa. Chaweza pia kumezwa.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1973 chama cha TANU kilikata shauri kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Miaka mingi ilipita, wizara zikabaki Dar es Salaam, na mkulima wa Mtumba akaendelea kupanda uwele wake. Ndipo mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahama kweli. Mwaka 2017 Mamlaka ile ikavunjwa na kazi zake zikapewa manispaa. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Na mwaka 2019 majengo ya kwanza ya wizara yakafunguliwa pale Mtumba. Lililongojewa zaidi ya miaka arobaini likaja kwa miaka mitatu.

Wapo wasemao, “Nchi ile ni kavu, wamepoteza nini?” Sisi twaona wasemao hivyo hawajakaa Ugogo. Mvua huko ni ya msimu mmoja, toka Desemba hata Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kuishi kwa mvua hiyo ni elimu: kujua ni udongo gani uhifadhio maji, lini kupanda uwele na lini mtama, mboga gani ya porini ikaushwe kwa ajili ya mlenda wa kiangazi, na ng'ombe wangapi wabaki kuwa akiba mavuno yakikosekana. Waingereza walikwenda Kongwa, mashariki ya hapo, mwaka 1947 na matrekta mengi kulima karanga. Ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa ukavu, mvua ikawahini, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Jembe la mkono la Mgogo lilikuwa likilima karibu nao siku zote hizo.

Basi, na tufanye hesabu. Tuseme nyumba ina watu sita, na kila mmoja atumia nusu kilo ya nafaka kwa siku. Hizo ni kilo tatu kwa siku, na kilo 1,095 kwa mwaka, yaani magunia kumi na moja ya kilo mia. Shamba lilitoa magunia hayo, au sehemu yake, bila mtu kwenda dukani. Shamba likiisha kuuzwa, magunia kumi na moja yatanunuliwa kila mwaka, na bei ya nafaka hupanda hasa mwaka wa njaa. Mtu apewapo fedha za shamba hana budi kuzigawa kwa hesabu hii kwanza, kabla ya kuzitazama pikipiki. Wengi huzigawa kwa bei ya mabati, maana mabati huonekana na jirani.

Sheria nayo ijulikane. Zamani, kwa sheria ya mwaka 1967, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani. Mtu alilipwa nyumba, miti na kazi aliyoifanya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilibadili jambo hilo: fidia iwe kamili, ya haki na ya upesi, na bei ya ardhi yenyewe katika soko ihesabiwe, pamoja na usumbufu na gharama za kuhama. Kwa hiyo mkulima aliyelipwa miti tu ana haki ya kuuliza. Na ikiwa si Serikali itwaayo bali ni dalali ajaye na mnunuzi jioni, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Twawasihi akina baba wasilifanye hili kuwa siri, na akina mama wasione haya kulitaja.

Kijana wa Mtumba atafanya nini? Wengine wamepata vibarua vya ujenzi, wengine wauza chakula kwa makarani. Ni kazi halali, nasi hatuzidharau. Lakini kibarua cha ujenzi huisha jengo likiisha, na kazi za ofisini zataka vyeti ambavyo shule ya kijijini haikumpa baba yake. Huko Nigeria, Abuja ilipofanywa makao makuu mwaka 1991, wenyeji Wagbagyi waliokuwa wakulima walijikuta pembezoni mwa mji uliojengwa juu ya mashamba yao, na malalamiko juu ya fidia yameendelea miaka mingi.

Limebaki jambo moja, ambalo wazee hulitaja mwisho ingawa ndilo liwaumizalo kwanza: makaburi. Wagogo wengi walizika karibu na nyumba. Iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, nayo yataka taarifa itolewe, na gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya zilipwe, hata zile za ibada au mila za kutuliza. Familia yenye kaburi shambani na iliandike mapema, pamoja na jina la marehemu na jina la mtu awezaye kuonyesha mahali penyewe, maana mvua mbili tatu zikipita juu ya kaburi lisilo na jiwe, mpima ardhi hataliona.