Empaako: Majina 12 ya Magharibi mwa Uganda

Swali: Empaako ni kitu gani?

Jibu: Ni jina la taadhima na mahaba ambalo Watooro, Wanyoro, Watuku, Watagwenda na Wanyabindi humpa kila mtoto, mbali na majina yake mengine. Yako 12 tu: Abwooli, Adyeeri, Araali, Akiiki, Atwooki, Abooki, Apuuli, Acaali, Ateenyi, Amooti, Bbala na Okaali, na hili la mwisho ametengewa Mfalme, Omukama. Wasimulizi wa tarikhi huyanasibisha na Waluo waliotoka kaskazini.

Swali: Majina machache namna hiyo yawatoshaje watu wote?

Jibu: Yawatosha, kwa sababu empaako haikuwekwa ili kumtofautisha mtu na mwenziwe, bali ili kuwaunganisha. Wawili wakikutana, kwanza huulizana empaako, ndipo salamu ifuate. Na kumwita mkubwa kwa jina lake tupu, bila ya hiyo, ni utovu wa adabu. Aliyeghadhibika akiitwa kwa empaako yake, aghalabu hasira humpoa. Sisi wa pwani tunayo adabu iliyo jirani na hiyo, ya kumwita mtu Baba Fulani au Mama Fulani. Lakini kwetu heshima hiyo hungoja mtu apate mtoto, ilhali kwao kitoto kichanga huwa nayo tangu siku za mwanzo, jambo ambalo, nakiri, hunipendeza zaidi.

Swali: Mtoto huipataje?

Jibu: Nyumbani, mbele ya mkuu wa ukoo. Mashangazi wa upande wa baba humpokea mtoto, wakamtazama uso na viungo, wakajadiliana amefanana na nani katika jamaa, na kwa mfanano huo wakachagua. Kisha mkuu wa ukoo hulitangaza jina kwa waliohudhuria. Baadaye huliwa ugali wa ulezi na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, mtoto akatunzwa zawadi, na mti ukapandwa kwa ajili yake.

Swali: Ni nini kilichoitia hatarini?

Jibu: Lugha. Salamu hizi hukaa ndani ya Runyoro-Rutooro, na kijana asiyeisema atazitumia wapi? Wako pia wahubiri wanaoihesabu mila hii kuwa upagani. Kwa sababu hizo, mwezi wa Desemba 2013, katika mkutano wa Baku, UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura, baada ya juhudi za wenyewe, hasa chama cha Engabu za Tooro.

Swali: Je, orodha hiyo yatosha?

Jibu: Haitoshi, wala haikukusudiwa kutosha. Jina lililoandikwa daftarini na lisiitwe na mtu ni kumbukumbu tu, na ningependa juhudi zaidi ziende kwa wale mashangazi, ambao wengi wao siku hizi wanaishi mbali na watoto wa ndugu zao, kuliko kwenye semina. Kinachonipa tumaini ni kuwa mila hii haina choyo: hata mgeni aliyehamia au kuolewa huko hupewa yake. Basi msomaji, ukiwa na jirani Mtooro au Mnyoro, kabla hujamuuliza habari za kazi, muulize empaako yake, umwite kwayo.