SOMO LA KIKUNDI: Kabla ya Kutoa Figo, Mwambie Daktari Yote

Tunapoitisha harambee ili ndugu yetu awekewe figo, tunafanya jambo jema. Lakini tujue hili: mwenye kutoa figo akiwa na virusi, vinaweza kuingia pamoja nayo. Tena mgonjwa hupewa dawa za kupunguza kinga ya mwili ili figo isikataliwe, kwa hivyo virusi humshinda upesi.

Hospitali hupima Ukimwi na homa ya ini aina ya B na C. Hata hivyo vipimo havioni kila kitu. Mwaka 2004 huko Texas, Marekani, wagonjwa wanne walipewa ini, figo mbili na kipande cha mshipa wa damu kutoka kwa marehemu mmoja. Wote wanne walikufa kwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao popo pia hueneza. Baadaye ikajulikana kwamba marehemu alikuwa amewaambia wenzake ameumwa na popo. Habari hiyo haikuwafikia madaktari mapema.

Basi tufanyeje?

1. Mtoaji aongee na daktari faraghani, aseme yote: kuumwa na mnyama, kuongezewa damu, mambo ya unyumba.
2. Kama alijihatarisha majuzi, aseme na apimwe tena. Virusi vipya huchelewa kuonekana.
3. Asilazimishwe na jamaa. Anayelazimishwa huficha.

Swali la kujadili: Je, katika kikundi chetu mtu anaweza kusema "siwezi kutoa" bila kuchekwa wala kuulizwa sababu?