Udongo Wetu na Mvua za Vuli

Meru ni mlima wa moto, nao mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Majivu yake ya zamani yamefanya udongo mzuri wa mitelemko, ambako Wameru na Waarusha hupanda migomba na mibuni. Lakini udongo uliofanyika kwa karne nyingi huweza kuchukuliwa na mvua chache tu. Jambo hili msilisadiki kwa kusikia. Lijaribuni kwa mikono yenu kabla ya vuli, yaani mvua za Oktoba hata Desemba.

Twaeni masanduku mawili yaliyo sawa, kila moja lenye pengo upande mmoja. Yajazeni udongo wa shamba. La kwanza liacheni wazi. La pili lifunikeni kwa majani makavu ya mgomba. Yainamisheni sawasawa, na chini ya kila pengo wekeni bakuli. Kisha mimineni maji, kiasi kile kile, kwa kopo lililotobolewa matundu.

Sasa tazameni mabakuli. Maji ya sanduku la wazi ni matope. Ya lile lililofunikwa ni machache, tena ni safi zaidi. Majani yamezuia matone yasipige udongo, na maji yamepata nafasi ya kuzama.

Basi, matope yale ni chakula cha kesho kiendacho mtoni. Katika bustani ya shule tandazeni majani, na matuta yakingame mtelemko, yasishuke nao.

Maswali

1. Kwa nini maji yawe kiasi kile kile?
2. Shambani kwenu, ni mahali gani palipo wazi?