Mkojo Unapoziba

Mzee akiona mkojo wakawia kutoka, watoka kidogo kidogo, na usiku huamka mara nyingi, asidhani ni uzee tu. Mara nyingi ni tezi dume iliyokua ikabana njia ya mkojo, nayo ina dawa. Amwone daktari.

Mkojo wenye damu, kwa mkubwa au mtoto, huenda ni kichocho, kiambukizwacho katika maji ya mito na madimbwi. Huenda ni maradhi mengine. Apimwe.

Mkojo ukikataa kabisa, na tumbo la chini likivimba na kuuma, msingoje hata karafuu zianuliwe. Madafu hayazibui, huzidisha kujaa. Mpelekeni hospitali saa ile ile, akatolewe mkojo kwa mpira. Haya haiponyi.