SOMO: Tusome Shamba Sawa Vile Tunasoma Mukeka



Mara hii, mbele ya kuongea juu ya dawa na mbolea, tunataka tuongee juu ya macho. Mara mingi mukulima anaona majani ya mahindi yamegeuka manjano, anakimbia kununua dawa ya wadudu, ananyunyiza shamba lote. Kisha juma mbili majani yangali manjano, kwa sababu mahindi hayakuwa na wadudu. Yalikuwa na njaa. Feza imepotea, sumu imebakia shambani, na mahindi yangali na njaa yake. Kumbe jibu lilikuwa limeandikwa kwenye jani, mutu alipaswa tu kutazama namna alama zimejipanga.

Mupangilio ni kitu gani?

Mupangilio ni kitu chenye kinarudilia kwa kufuata sheria moja. Mama mwenye anasuka mukeka anajua sheria yake bila kuiandika: anapitisha juu ya mbili, chini ya mbili, na kwa mustari wenye kufuata anasogea nafasi moja. Akiendelea vile, mistari ya mushazari inatokea yenyewe. Akikosa hesabu mara moja, kosa haliwezi kujificha. Hata mutoto mwenye hajui kusuka ataliona.

Katika inchi yetu, Wakuba wa Kasai wanajulikana sana kwa kazi hiyo. Wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, wanawake wanakitia nakshi kwa sindano. Umbo moja linarudilia, linarudilia tena, kisha kwa nafasi fulani linabadilishwa kwa kusudi. Na ni pale pale jicho la mutazamaji linasimama. Somo letu lote liko katika jambo hilo: ukijua kile chenye kinarudilia, utaona haraka kile chenye kimebadilika.

Mimea nayo inafuata hesabu

Chukueni hindi moja lenye limekomaa, muhesabu mistari ya mbegu kuzunguka. Mutapata 12, 14, 16 ao zaidi, lakini karibu kila mara itakuwa hesabu yenye kugawanyika kwa mbili. Sababu ni kwamba maua yenye yanazaa mbegu yanatokea mbili mbili, sawa mapacha. Chukueni tena nanasi, mufuate magamba yake namna yanazunguka: mara mingi mutahesabu mistari 8 upande moja na 13 upande ule mwengine. Mumea wenye afya uko na utaratibu wake. Ugonjwa, njaa na mududu, kila kimoja kinaharibu utaratibu huo kwa namna yake.

Alama kwenye jani

*Njaa.* Mumea wenye kukosa chakula unaonyesha alama zenye kulingana: upande wa kuume wa jani unafanana na upande wa kushoto. Kwa mahindi, kama jani la chini liko na manjano yenye umbo la herufi V, kuanzia ncha na kufuata mushipa wa katikati, azoti inakosekana. Kama ni kando kando ya jani la chini ndiyo inakauka sawa imeungua, potasi inakosekana. Kama mahindi madogo yako na rangi ya zambarau, mara mingi fosfori ndiyo haitoshi. Juu ya nini majani ya chini? Mumea wenye njaa unatoa chakula kwenye majani ya zamani, unalisha yale mapya. Ni sawa muzazi mwenye anawaachia watoto sahani.

*Mududu.* Mukiona matundu yenye kupangana kwa mustari, kukata jani toka upande moja mupaka mwengine, mujue kwamba kiwavi alilitoboa jani wakati lilikuwa lingali limejikunja ndani ya moyo wa mahindi. Kunjeni karatasi mara tatu, muitoboe mara moja, kisha muikunjue: matundu yatakuwa mengi na yatajipanga. Sasa fungueni moyo wa shina, mumutafute. Kiwavi-jeshi, mwenye alionekana Afrika mwaka 2016, ana alama sawa herufi Y yenye kupinduliwa kwenye kichwa, na karibu na mukia ana nukta ine nyeusi zenye kupangana sawa kona za muraba. Mukimukuta angali mudogo, mumuponde kwa mukono. Wakulima wengi wanatia pia majivu ao muchanga ndani ya moyo wa mahindi.

*Ugonjwa wa virusi.* Hapa alama hazilingani. Jani la muhogo lenye mozaiki liko na viraka vya manjano huku na huku, limejikunja, na nusu moja haifanani na ingine. Tena mutazame alama zilianzia wapi. Kama hata majani ya kwanza kabisa yalitoka na viraka, ugonjwa ulikuja ndani ya kipande chenye mulipanda. Kama majani ya chini yalitoka mazuri na yale ya juu tu ndiyo yenye viraka, inzi mweupe ndiye aliuleta nyuma. Kwa hali zote mbili, musikate mbegu kwenye shina hilo. Lakini kama karibu shamba lote lilianza na viraka, mutafute mbegu pahali pengine kwa musimu wenye kuja. Hakuna dawa ya kunyunyiza yenye itaponya vile vipande.

Alama katika shamba lote

Kisha kutazama jani, musimame kwenye kilima mutazame shamba lote.

- Mashina mabaya yako chini, pahali maji yanakusanyika? Mizizi inakosa hewa. Fungueni mufereji.
- Yako upande moja tu, karibu na mupaka? Kitu kiliingia kupitia pale: wadudu, mbuzi, ao kivuli cha miti.
- Yako kwa kiraka chenye kinakuwa kikubwa kila juma? Inawezekana ni kitu chenye uzima, mududu ao ugonjwa, chenye kinatembea.
- Yalionekana siku moja na hayaongezeke? Mufikirie mvua ya mawe, ao mbolea yenye iliunguza.
- Yamejipanga kwa mustari wenye kunyooka? Muulize kwanza mukono wa mutu: nani alipanda mustari ule, na mbegu gani, na mbolea kiasi gani? Ugonjwa haupimi kwa kamba.

Tutengeneze mupangilio wetu

Shamba lenye limepandwa ovyo ovyo ni sawa mukeka wenye kusukwa bila kuhesabu: kosa halionekani. Kwa hiyo, mbele ya musimu, kila kikundi kitayarishe kamba yenye mafundo kila sentimeta 50. Kwa mahindi, muache sentimeta 75 kati ya mustari na mustari, mutie mbegu mbili kwa kila fundo. Kwa hektari moja hiyo ni mashimo karibu 26.600, ni kusema mashina karibu 53.000 kama yote yanaota. Kwenye muteremko, kamba ikate mulima, isishuke nao. Mustari wenye kushuka ni njia ya maji, na maji yanabeba udongo muzuri. Mustari wenye kukata mulima unayasimamisha.

Kisha mahindi kuota, mupite mara moja kila juma kwa kufuata umbo la herufi W. Musimame nafasi tano, mutazame mashina kumi kila nafasi, muandike ni mangapi yenye alama na ni alama gani. Kazi hiyo inakamata wakati kidogo na haiombe hata franka moja.

Kuna wakati njaa na mududu vinakuja pamoja, na alama zinachanganyika. Hapo mupeleke jani lenyewe kwa agronome, na mumuelezee mambo matatu: alama ziko kwenye majani ya chini ao ya juu, ziko pahali gani katika shamba, na tangu siku gani. Kwa maelezo hayo atawasaidia muzuri zaidi kuliko mukimuambia tu "mahindi yanagonjwa."

Maulizo ya kuzungumuzia katika mukutano

1. Kila memba alete jani moja lenye alama. Je, pande mbili za jani zinalingana? Hiyo inatuonyesha nini?
2. Musimu uliopita, koperative yetu ilinunua dawa gani, na ni alama gani zilituongoza kuinunua?
3. Kati yetu ni nani anajua kusuka mukeka ao kitunga? Atufundishe namna anatambua kosa lake. Kisha twende pamoja naye shambani.