Najshi ya Zama Hizi: Somo Katika Hukumu ya Matangazo ya Biashara

Katika vitabu vya fiqhi, ndani ya milango ya biashara, mna mlango mmoja mfupi ambao wanafunzi wengi huupita kwa haraka, wakidhani kwamba wawahusu madalali peke yao. Nao ni mlango wa najshi.

Asili ya neno hili katika Kiarabu ni kumshitua mnyama atoke mafichoni, mwindaji apate kumkamata. Na katika sharia, najshi ni mtu kuongeza bei ya kitu kinachonadiwa, na hali hana haja ya kukinunua, ila ataka kumghuri mwengine akinunue. Mtume s.a.w. ameikataza, na makatazo hayo yamepokewa na Ibn Umar, yamo katika Bukhari na Muslim. Sura yake yajulikana na kila aliyepata kusimama mnadani. Dalali anadi kitanda cha samadari. Mtu mmoja katika wasimamao ataja bei. Wa pili apanda. Wa kwanza apanda tena. Mgeni aliyetoka shamba atazama, aona watu wawili wenye akili zao wanakigombea kitanda, naye moyo wamwenda mbio, apanda juu yao wote wawili. Papo hapo wenziwe wanyamaza, kitanda chawa chake. Hajui ya kuwa yule wa pili ni shemeji yake mwenye kitanda.

Yapasa kutazama vyema mgeni huyu alidanganywa kwa jambo gani. Mbao ni zile zile alizoziona kwa macho yake, na nakshi ni ile ile aliyoishika kwa mkono wake. Hakudanganywa juu ya kitanda. Amedanganywa juu ya watu. Aliwaona watu wanataka, naye akataka.

Hapa ndipo najshi inapofarikiana na ghushi nyengine. Mtume s.a.w. alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua, naye akamwuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilichoroa, watu wapate kukiona. Na tena amekataza kuyazuia maziwa ya ngamia na mbuzi siku kadha wa kadha, ili mnunuzi akiona kiwele kimejaa adhani kila siku ni hivyo. Katika mas-ala haya aibu imo ndani ya kitu chenyewe, na kwa hivyo mnunuzi ana khiyari: aliyenunua mnyama wa namna ile aweza kumrejesha, pamoja na pishi ya tende kwa yale maziwa aliyoyakama. Lakini katika najshi kitu hakina aibu. Ndiyo sababu Imam Nawawi, katika Minhaj, amesema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Imam Shafi ni kuwa mnunuzi hana khiyari. Mwenye kufanya najshi amepata dhambi, na muuzaji aliyekula njama naye amepata dhambi pamoja naye. Lakini biashara imesihi, na khasara ni ya mnunuzi, kwa kuwa amezembea, hakuwauliza wenye ujuzi wa kitu kile kabla ya kutoa fedha zake. Wamalik humpa khiyari, na Mahanbali pia, iwapo amepunjika kupita kiasi cha kawaida. Ama watu wa pwani hii, ambao wengi wao wamfuata Shafi, mlango wa kurejesha kwao ni mwembamba, na kazi yote imo katika kuuliza kabla.

Na isidhaniwe kuwa kutangaza bidhaa ni haramu. Mpiga mbiu wa zamani alikuwa akipita mitaani na pembe yake, akasema jahazi limeingia, lina tende na haluwa, na bei yake ni kadha. Kila mtu alijua kuwa ametumwa, na alijua nani aliyemtuma. Akisifu, husifu kwa ulimi wa bwana wake. Na msikizaji huyapima maneno yale kwa mizani hiyo. Akizidisha mpaka akaapa, basi imepokewa kwamba kiapo huiuza bidhaa na huiondoa baraka. Na hilo ni shauri lake na Mola wake. Vivyo hivyo tangazo lililopigwa chapa gazetini ndani ya kisanduku chake, na jina la duka chini yake: hilo ni mbiu. Msiba waanza pale mpiga mbiu anapoficha pembe yake, akajichanganya na wanunuzi.

Mfano ulio wazi kabisa ulitokea mbali na hapa, katika mji wa New York, Marekani, mwaka 1929. Nao wastahiki kuelezwa kwa urefu, maana aliyeupanga ameusimulia mwenyewe kitabuni mwake. Mtu huyu ni Edward Bernays, mpwa wa yule Sigmund Freud wa Vienna aliyeandika juu ya mambo ya nafsi. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya American Tobacco, wenye sigara za Lucky Strike. Rais wa kampuni, George Washington Hill, alikuwa na shida moja: wakati ule ilikuwa ni aibu kwa mwanamke wa Kimarekani kuvuta sigara njiani, na kwa aibu hiyo kampuni ilikuwa ikikosa nusu ya soko.

Bernays hakuandika tangazo. Alikwenda kwa tabibu wa mambo ya nafsi, A. A. Brill, akamwuliza sigara ni kitu gani katika moyo wa mwanamke. Akajibiwa kwamba kwa wanawake wale sigara ni kama mwenge wa uhuru. Basi zikapelekwa simu za maandishi kwa wasichana wa majumba makubwa kuwaalika wavute sigara hadharani kwa ajili ya kudai usawa na wanaume. Simu zile zilitiwa sahihi na mwanamke ambaye alikuwa karani wa Bernays, wala hazikutaja kampuni yoyote. Siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1929, watu wa mji walipokuwa wakitembea na mavazi yao mapya katika barabara ya Fifth Avenue, wanawake wachache walitoa sigara wakaziwasha. Wapiga picha walikuwapo. Kesho yake magazeti yakaandika, si katika kurasa za matangazo, bali katika kurasa za khabari: wasichana wamevuta sigara kuonyesha uhuru wao.

Huyo ndiye shemeji yake mwenye kitanda. Msomaji wa gazeti lile, mwanamke aliye katika mji wa mbali, hakuona tangazo. Aliona watu wanataka. Si kweli kusema kwamba siku ile peke yake ndiyo iliyowafunza wanawake wa Marekani kuvuta, maana wengi walikuwa wamekwisha kuanza, na Bernays alikuwa mtu apendaye kujisifu kazi yake. Lakini njia ilionekana, na walioifuata ni wengi.

Kampuni hiyo hiyo, mwaka 1930, ilitangaza kwamba madaktari 20,679 wameshuhudia ya kuwa sigara zake haziwashi koo kama nyengine. Hesabu ile haikuwa ya kubuni. Ila madaktari wale walikuwa wamepelekewa makasha ya sigara za bure, pamoja na suala lililotungwa kwa namna ya kuvuta jibu litakiwalo. Mgonjwa aliyesoma akadhani amesikia ushahidi wa wanavyuoni wa tiba, naye hakusikia ila sauti ya muuzaji ikitoka katika koo la daktari. Miaka 20 baadaye, mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha London uchunguzi wao wa wagonjwa wa hospitali, ukionyesha kwamba sigara yaambatana na saratani ya mapafu. Na watu wa Marekani walikuwa wametoa uchunguzi kama huo mwaka ule ule. Makampuni yakajibu Januari 1954 kwa tamko lililowekwa katika magazeti zaidi ya 400, yakisema kuwa mambo hayajathibiti na kwamba afya ya watu ndiyo wanayoijali mbele ya kila kitu. Mwaka 2006 kadhi wa mahkama ya Washington, Gladys Kessler, alihukumu kwamba makampuni makubwa ya sigara yaliwadanganya watu kwa muda wa miaka mingi, nayo yakijua.

(Khitilafu ya wanavyuoni katika hukumu ya tumbaku yenyewe, waliosema makuruhu na waliosema haramu, si maudhui ya somo hili. Lakini ni vyema mvutaji ajue ya kuwa ile hamu aliyoidhani ni yake ilipikwa na mtu, katika chumba, kwa mshahara.)

Na haikuishia katika sigara. Katika karne iliyopita makampuni ya maziwa ya unga yaliwaajiri wanawake katika nchi za Afrika na Asia, wakavikwa nguo nyeupe kama za wauguzi, wakaingia hospitali na majumbani kuwaendea wazazi. Mama aliyezaa jana alimwona muuguzi, hakumwona muuzaji. Akaambiwa kopo hili ndilo litumiwalo na watu wa kisasa, akapewa moja bure. Kopo lilipokwisha, maziwa ya kifua yalikuwa yamekauka, na kopo la pili lina bei. Masikini wakayachanganya kwa maji mengi ili yadumu, na maji yenyewe hayakuwa safi, na watoto wakaharisha, wakafa. Daktari Cicely Williams alikwisha kulipigia kelele jambo la maziwa haya huko Singapore tangu mwaka 1939, lakini ulimwengu haukusikia mpaka miaka ya 1970. Na Mei 1981 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia uuzaji wa namna ile kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ni ya Marekani.

Jambo hili lawahusu waume kabla ya wake zao. Sura ya Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza unyonyeshaji, na ikamwekea baba riziki ya mama na mavazi yake kwa wema. Mwenye mkoba ni baba. Yeye ndiye atoaye thamani ya kopo, na mara nyingi ndiye aliyelileta nyumbani kwa fakhari, kwa kuwa ameona kwa jirani. Hakumwuliza mkunga, wala hakumwuliza mama yake mzazi aliyelea wana saba kwa kifua chake. Huu ndio uzembe wenyewe ambao Shafi hakumpa mwenyewe khiyari.

Leo mnada umo mkononi mwa kila kijana, ndani ya simu. Mwenye wafuasi malaki huonekana akinywa kinywaji, akijipaka mafuta, au akionyesha fedha alizozipata kwa kubashiri mpira, akasema kwamba amekipenda kitu hiki mwenyewe, hali amelipwa kusema hivyo. Huko Marekani, tangu mwaka 2009, miongozo ya serikali yawataka waandishi wa mitandao waliolipwa kusifu kitu waseme wazi kuwa wamelipwa; yaani washike pembe ya mbiu mbele ya watu. Sharia ya Kiislamu ilikwisha kutaka bayana ya namna hii miaka elfu na zaidi kabla ya hapo. Na Mwislamu apokeaye ujira kwa kujifanya mnunuzi, haimfai kusema kwamba bidhaa yenyewe ni halali. Kitanda cha samadari nacho kilikuwa halali.

Ama kamari, hiyo ni haramu kwa aya ya Sura ya Al-Maida, na kuinadi ni kuinadi haramu. Lakini wanadi wake wakubwa pwani hii si wale wa simu. Makampuni ya kamari yaliandika majina yao vifuani mwa wachezaji wa Uingereza, na vijana wakanunua jezi zile kwa fedha za baba zao, wakawa wanatangaza bila ya ujira, tena kwa kulipa wao. Vilabu vya ligi kuu ya huko viliafikiana Aprili 2023 kuyaondoa majina hayo kifuani mwa jezi za mechi ufikapo mwisho wa msimu wa 2025-26, ila mikono ya jezi haikuguswa. Na nguo zilizokwisha kununuliwa hazikusanywi na mtu.

Jezi hizi huingia nazo msikitini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w. aliswali katika nguo yenye nakshi, akaitupia jicho mara moja, na alipomaliza akaamrisha irejeshwe kwa Abu Jahm, aletewe nguo yake nyengine isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika sala. Leo imamu akitoa salamu, akageuka kuwaelekea maamuma, husoma jina la nyumba ya kamari katika safu ya pili, kifuani mwa mtoto wa miaka kumi. Sala ya mtoto yule ni sahihi. Baba yake, aliye pembeni mwake, ana la kufanya kabla ya Ijumaa ijayo, hata ikiwa ni kulishonea jina lile kiraka cha kitambaa.