SOMO LETU: MTOTO MDOGO NA SIMU



Siku hizi simu za kugusa na televisheni zimefika mpaka maboma yetu ya ndani kule Homa Bay na Migori. Mama akienda kuanika omena, mtoto anapewa simu ili anyamaze. Na kweli ananyamaza. Lakini shida inaanzia hapo hapo.

Kwa nini?

Miaka mitatu ya kwanza ubongo wa mtoto hukua upesi sana. Mtoto akisema "ba-ba" nawe ukimjibu, anajifunza kuongea. Katuni haimjibu. Yenyewe inaongea tu, asikie asisikie. Mtoto anayeshinda na simu anaweza kuchelewa kusema. Usiku, mwanga wa simu humpunguzia usingizi. Lakini akiongea kwa video na baba yake aliye Nairobi si vibaya, maana baba anamjibu.

Kiasi gani?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri hivi:
1. Chini ya miaka 2: asiwekewe simu wala televisheni.
2. Miaka 2 hadi 4: isizidi saa 1 kwa siku. Ikipungua ni vizuri zaidi.
3. Miaka 1 hadi 4: acheze na kukimbia jumla ya saa 3 kwa siku.

Tufanye nini?

Tunajua kazi za mama ni nyingi. Hata hivyo dawa yake haitaki pesa. Zamani Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya, ambako watoto walisikiliza sigana jioni. Nyanya aliuliza, watoto wakajibu. Sisi pia tunaweza:
- Kuongea na mtoto tukiwa kazini: "Hii ni nini? Samaki wangapi?"
- Kumpa sufuria, vifuniko na magunzi achezee.
- Kuweka simu zetu chini wakati wa kula.
- Kuwachezesha watoto kwa zamu siku ya mkutano, kama tunavyozungushiana pesa.

Mtoto akifika miaka 2 na hajaunganisha maneno mawili, mpelekeni kliniki. Huenda hasikii vizuri.

Maswali ya kujadiliana

1. Jana mtoto wako alikaa na simu saa ngapi?
2. Nani kijijini bado anajua sigana?
3. Zamu ya kwanza ya kuchezesha watoto itashikwa na nani?

Msiachane kabla hamjajibu swali la tatu.